Anachopiga Mwalimu Akigeuka

Mwanafunzi wangu wa piano alimaliza kipande chake bila kukosea. Kila nota ilikaa mahali pake, mapigo hayakuyumba, na hata pale pagumu kwenye ukurasa wa pili mkono wa kushoto ulipita salama. Ana miaka 13. Niligeuka kutafuta penseli niandike jambo kwenye karatasi yake, na nikiwa bado nimempa mgongo nikasikia kitu kingine kabisa: sauti tatu za chini, polepole, zikijirudia, na juu yake melodi fupi iliyopanda, ikasita, ikapanda tena.

Nikageuka. Mikono ikaruka kutoka kwenye vitufe.

"Samahani, mwalimu."

Nikamuuliza ule ulikuwa wimbo gani.

"Si wimbo. Nilikuwa nachezea tu."

Tukaendelea na kipindi. Lakini samahani ile imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa, na ndiyo iliyonikalisha kuandika. Msichana huyu hajawahi kuomba radhi kwa kuharibu skeli, ile ngazi ya nota zinazopanda na kushuka kwa mpangilio. Akikosea anacheka, anarudia. Radhi anaiomba anapopiga kitu chake mwenyewe.

Hilo kalitoa wapi?

## Hakuna aliyemwambia

Sidhani kama kuna mtu aliyemkalisha chini akamwambia kubuni ni utovu wa adabu. Haikuhitajika. Umbo la somo lenyewe linasema. Skeli, zoezi la vidole, kipande cha wiki iliyopita, kipande kipya, na muda ukibaki, kusoma nota asizowahi kuziona. Kila kinachosikika chumbani kimetoka kwenye karatasi, na mwalimu yupo ili kulinganisha kilichoandikwa na kilichosikika. Mtoto mwerevu hahitaji miaka mingi kuelewa mpango huu: muziki ni mali ya watu wengine, kazi yangu ni kuurudisha bila kuuvunja.

Nisieleweke vibaya. Wale wanaosema nota zinaua vipaji huwa sina subira nao. Anayesoma nota vizuri anaweza kufungua kitabu chochote na kukaa na mtu aliyefariki miaka 200 iliyopita, na huo ni uhuru mkubwa. Shaka yangu iko kwingine. Ni kama tunamfundisha mtoto kusoma kwa miaka mitano mfululizo, kwa sauti na kwa matamshi sahihi, na katika miaka yote hiyo hatumpi nafasi ya kusema sentensi moja ya kwake. Kisha tunashangaa kwamba hana hamu ya kuzungumza.

Na tunapoishiwa majibu, tunaanza kutafuta motisha.

## Nyota za dhahabu

"Mwalimu, nimfanyie nini huyu afanye mazoezi?" Sijui mwalimu wa piano ambaye hajaulizwa swali hili. Majibu ya kawaida tunayajua sote: stika za nyota, ratiba ukutani, ahadi ya zawadi, na kwa wale wakubwa, kunyang'anywa simu.

Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa shule ya awali. Waliwachagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Wengine walikipata cheti hichohicho bila kutarajia, baada ya kuchora. Wengine hawakupewa kitu. Siku zilipopita, kalamu zikarudishwa darasani na kila mtoto akawa huru kufanya apendalo. Walioahidiwa cheti walitumia karibu nusu tu ya muda ambao wenzao waliutumia kuchora.

Watu wengi hulisikia jaribio hili wakakimbilia kuzitupa stika zote. Mimi sijatupa zangu. Wale watoto walikuwa wanapenda kuchora tangu mwanzo, kwa hiyo jaribio halisemi chochote kuhusu mtoto asiyependa zoezi la vidole na ambaye, kwa maoni yangu, ana haki kabisa ya kutolipenda. Na mtoto wa miaka sita anapenda stika kwa sababu ni stika. Ninachokwepa ni ile biashara ya "ukipiga mara kumi nitakupa". Hasa ninaikwepa pale ninapoona mtoto anapiga mwenyewe bila kuambiwa. Pale nanyamaza.

Sifa nazo ni mtihani wake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini kwa vijana naona madhara yakija kwa njia nyingine. Kijana aliyeambiwa mara nyingi "una kipaji" huanza kukilinda. Anachagua vipande ambavyo hakika atavipiga vizuri. Kutunga hathubutu, maana kitu kibichi kinaweza kufichua kwamba kipaji si kikubwa hivyo. Sifa inayofaa ni ile inayotaja jambo: leo umesikia mwenyewe, bila mimi kusema, kwamba mkono wa kulia unaumeza wa kushoto.

## Klarineti moja

Kilichonigeuza hakikutoka kwenye piano.

James Renwick na Gary McPherson, watafiti wa elimu ya muziki nchini Australia, waliwarekodi watoto kwa video wakifanya mazoezi nyumbani. Mwaka 2002 walichapisha makala kuhusu mmoja wao, msichana aliyekuwa anajifunza klarineti. Vipande alivyopangiwa na mwalimu alivipiga tangu mwanzo hadi mwisho, akirekebisha kosa juu juu na kusonga mbele. Kisha kulikuwa na kipande kimoja alichokitaka yeye. Kwenye hicho alipunguza kasi. Aliimba. Alipitisha vidole kimya kimya bila kupuliza. Alikata sehemu ndogo na kuirudia mpaka ikae. Kwa kila nota alitumia muda mwingi mara kadhaa kuliko kwenye vile vya kupangiwa.

Hakuna aliyekuwa amemfundisha mbinu mpya. Mbinu alikuwa nazo. Kwenye vipande vya mwalimu hakuona sababu ya kuzitumia.

Siku zote nilichukulia kwamba hamu humfanya mtoto afanye mazoezi mengi zaidi, na kwamba ubora wa mazoezi ni kitu kingine ambacho mwalimu hukifundisha. Msichana yule anaonyesha kwamba hamu hubadilisha namna ya kufanya mazoezi. Masikio yanafunguka. Mtoto anavumilia kusikia kosa lake kwa sababu anajua anataka isikike vipi.

Kwa hiyo uchaguzi una uzito mkubwa kuliko tunavyoupa. Lakini kumwambia mtoto wa miaka tisa "chagua unachotaka" ni kumtupia mzigo. Hajui kuna nini. Kwake naweka vipande vitatu mezani, nampigia vyote kwa moyo mmoja (hapa kuna hila: mwalimu akikipiga kimoja kwa uvivu, ameshachagua), kisha naondoka njiani. Kwa kijana, kati ya vipande vitatu anavyokuwa navyo, kimoja ni chake kabisa. Hata kama ni wimbo ambao mimi nisingeuweka redioni.

Nyimbo hizo, ambazo vijana huzitoa simuni, zina shida yake. Nota zinazopatikana mtandaoni aidha ni ngumu kupita uwezo wake, au zimerahisishwa mpaka wimbo hautambuliki. Kwa hiyo siku hizi sianzi na karatasi. Nyimbo nyingi za kisasa zimesimama juu ya kordi nne, zile sauti tatu tatu zinazobonyezwa pamoja: ya Do, ya Sol, ya La na ya Fa. Mkono wa kulia unashika kordi, wa kushoto unabonyeza mzizi wake chini. Wiki moja, na wimbo unasikika. Kisha kijana mwenyewe anaanza kuona kwamba kordi ya La ina huzuni kuliko nyingine tatu na kuuliza kwa nini. Somo la nadharia nililokuwa nimelipanga kwa mwezi ujao limejileta lenyewe.

Akibadilisha mpangilio wa kordi zile nne, ameshaanza kutunga. Mara nyingi hajui.

## Bach hakutenganisha

Mwaka 1720, akiwa Köthen, Ujerumani, mtunzi Johann Sebastian Bach alimwanzishia mwanawe Wilhelm Friedemann kijitabu cha masomo. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Ndani mna jedwali la mapambo ya melodi, mfano wa kupanga vidole, na vipande vinavyozidi kuwa vigumu, baadhi vikiwa vimeandikwa kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Humo ndimo vilimoonekana kwa mara ya kwanza vipande ambavyo leo kila mwanafunzi wa piano aliyefika mbali kidogo anavijua kwa jina la Inventions.

Mwaka 1723 Bach alivinakili upya na kuandika kwenye ukurasa wa mbele vinafaa kwa nini. Anataja kupiga sauti mbili, yaani melodi mbili kwa pamoja, kwa usafi, halafu tatu. Anataja pia kupata mawazo mazuri na kuyakuza vizuri. Anataja kupiga kwa namna ya kuimba. Na anataja kuonja mapema utunzi wenyewe. Yote hayo kwenye ukurasa mmoja, kwa wanafunzi walewale.

Sisi tumechukua usafi. Mengine tumeyaacha kwenye ukurasa wa mbele.

Nawajua vijana wanaopiga Invention ya kwanza, ile ya Do kubwa, kwa kasi ya kupendeza, na hawajawahi kuonyeshwa kwamba karibu kila kitu kwenye kurasa zile kimetoka kwenye kijisentensi kimoja cha mwanzoni, kinachohamishwa huku na kule na kupinduliwa juu chini. Ukimwonyesha, dakika mbili tu, kisha ukamwambia aandike kijisentensi chake chenye nota saba na akipindue, kipande cha Bach kinaacha kuwa mnara. Kinakuwa kazi ambayo mtu aliifanya, hatua kwa hatua, akiwa na watoto nyumbani.

Na hakuwa peke yake. Mtunzi Beethoven alipofika Vienna alivuma kwanza kwa kubuni papo hapo kwenye piano. Mpiga piano Clara Schumann alikuwa na desturi ya kubuni utangulizi mfupi kabla ya kipande kilichoandikwa. Charles-Louis Hanon, ambaye mazoezi yake 60 ya vidole ya mwaka 1873 yamewatesa wengi wetu, sina ugomvi naye. Lakini hata zoezi lake la kwanza linakubali kubadilishwa mapigo, au kugeuzwa kuwa la huzuni, au mikono kwenda pande tofauti. Mtoto anayelibadilisha zoezi analirudia mara nyingi kuliko ulivyokuwa unapanga kumlazimisha.

Mtunzi György Kurtág wa Hungaria alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1973 alianza mfululizo wa vipande vinavyotaka kiganja, ngumi, hata mkono hadi kiwiko. Alivitoa katika kuwatazama watoto ambao kwao piano bado ni kitu cha kuchezea.

Ndiyo. Cha kuchezea.

## "Buni chochote" haifanyi kazi

Hapa ndipo shauku yangu iligonga ukuta. Mwambie kijana, "Leo tupa karatasi, buni chochote." Ataangalia vitufe 88. Atakuangalia wewe. Atabonyeza kimoja, atacheka kwa aibu, na kipindi kijacho atafurahi kurudi kwenye karatasi.

Uhuru usio na kuta unatisha. Nilipoirudia akilini ile melodi ya msichana, niliona kwamba hakuwa amebuni chochote tu. Alikuwa na sauti tatu za chini ambazo hazikubadilika. Alijijengea chumba kidogo, na ndani yake akaweza kutembea.

Tangu hapo naanza na kuta. Ninayoipenda kuliko zote ni vitufe vyeusi peke yake. Kwenye kila oktava, yaani kutoka Do moja hadi Do inayofuata, viko vitano, na hakuna viwili kati yake vilivyo karibu mno kiasi cha kukwaruzana, kwa hiyo chochote mtoto atakachobonyeza kitakaa pamoja na kingine. Mimi nashika chini sauti mbili zinazojirudia, Fa diyezi na Do diyezi (vitufe vyeusi vilivyo kulia tu kwa Fa na Do), naye anazurura juu. Mtoto wa miaka saba anatoka pale akiamini ametunga, na ukweli ni kwamba ametunga.

Baadaye kuta zinabadilika. Nota tatu tu, lakini mapigo yoyote. Au mimi napiga mapigo manne yanayoishia hewani, yeye anajibu na kurudi kwenye nota ya nyumbani, ile ambapo wimbo unatulia. Au tunachukua mwisho wa kipande tulichopangiwa, tunaukataa, na yeye anatafuta mwisho mwingine. Hii ya mwisho vijana wanaipenda sana. Kumkatalia mtu maarufu aliyefariki kunawapa raha fulani.

Kwa kuwa tumetaja vitufe vyeusi: mtunzi Chopin aliwaanzishia wanafunzi wake skeli ya Si kubwa (inayoanza kwenye nota iitwayo Si), kwa sababu vidole virefu vinaangukia vitufe vyeusi na vifupi vyeupe, na mkono unalala kama ulivyoumbwa. Sisi tunaanza na Do, skeli rahisi kusoma na isiyo rahisi kabisa kupiga. Tumechagua urahisi wa jicho. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi mara nyingi zaidi.

Kuna nidhamu moja ya upande wa mwalimu, na ni ngumu kuliko skeli yoyote: wiki ya kwanza usirekebishe. Rekodi kwenye simu, mwache aende nayo. Wiki ya pili uliza, "Hapa ulitaka isimame au iendelee?" Akisema alitaka iendelee ila mkono wa kushoto hauwahi, umepata zoezi la kushoto aliloliomba mwenyewe.

## Muda unatoka wapi

Mzazi mmoja aliniambia, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, mimi nalipa ajifunze. Hayo ya kuchezea si atayafanya nyumbani?"

Hana kosa. Kipindi kina dakika 30. Nikitoa saba kwa kubuni, kuna kitu kinakatwa, na nisipokisema wazi nitakuwa namdanganya. Kinachokatwa ni idadi ya vipande. Mtoto wangu atamaliza mwaka akiwa na vichache kuliko wa jirani, na kama mtihani wa piano uko mlangoni, naupa mtihani nafasi yake na kubuni kunasubiri.

Lakini nilimuuliza naye swali: mtoto hufungua piano bila kuitwa? Alifikiri kidogo. Tukakubaliana kwamba hicho ndicho kipimo chetu kwa miezi ijayo, pamoja na nota.

## Miaka 14

Vijana wengi huacha karibu na umri huu, na sababu za nje zinajulikana: shule inabana, marafiki, simu. Naona moja ya ndani ambayo hatuisemi. Mtoto wa miaka sita hasikii umaskini wa anachopiga. Wa miaka 14 anausikia vizuri sana. Sikio lake limekwenda mbele na mkono umebaki nyuma, na pengo hilo linauma. Kwa nje linaonekana kama uvivu.

Kumwongezea mazoezi peke yake hakuzibi pengo hilo haraka. Kunahitajika vipande vinavyosikika vikubwa kuliko ugumu wake: mkono wa kushoto unaojirudia, pedali ya mguuni iliyotumika vizuri, kordi zilizotawanywa. Na kunahitajika watu. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan huzungumzia mahitaji matatu yanayolisha hamu ya ndani: kuamua mwenyewe, kujiona unaweza, na kuwa na wenzako. La tatu ndilo piano inalomnyima kijana zaidi. Mpiga tarumbeta ana bendi. Mpiga piano ana ukuta mbele yake. Mpe mwenzake wapige mikono minne kwenye kiti kimoja, au mpe mwimbaji wa kumsindikiza, na utaona anahesabu mapigo kwa bidii ambayo metronomu, kile chombo cha kugonga mapigo, haijawahi kuipata kwake.

Saa nyingi si lazima. Chopin aliwaonya wanafunzi wake wasipitishe saa tatu kwa siku, na hao walikuwa wanafunzi wa Chopin. Dakika 20 zenye swali moja zinamtosha kijana mwenye mitihani ya shule.

## Akisema anaacha

Swali ninaloliuliza siku hizi nimelitoa tena kwa McPherson, ambaye aliwauliza watoto wanaoanza ala wanadhani wataendelea nayo kwa muda gani, akaona majibu yao yanahusiana sana na maendeleo yao ya baadaye. Mimi namuuliza kijana: ukijiona ukiwa mtu mzima, piano iko wapi?

Wachache wanasema jukwaani. Wengi wanasema, "Nyumbani. Napiga nikichoka." Jibu hilo zamani lingehesabika kuwa dogo. Mimi nalichukulia kuwa mtaala: kordi, sikio, kuhamisha wimbo kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine, vipande vichache vilivyo kichwani bila karatasi. Hatua inayofuata ya mtihani haimo.

Anayetaka kuacha namwomba muhula mmoja wa namna hiyo, bila mtihani, nyimbo zote akichagua yeye. Baadhi wanabaki. Baadhi wanaaga, na sijawahi kumzuia yeyote.

Baba wa mmoja wa walioaga aliniuliza kama basi miaka yote ile imepotea. Nikamuuliza kama mwanawe anaweza kukaa kwenye piano yoyote na kusindikiza wimbo ambao watu wanauimba, bila karatasi. Anaweza, akasema, juzi tu alifanya hivyo mbele ya ndugu zake. Tulipohesabu, tukaona alijifunza hilo katika muhula ule wa mwisho.